Senti Kumi na Nane kwa Ratili

Mei 1902, katika mitaa ya Lower East Side jijini New York, ratili moja ya nyama ya ng'ombe ya kosher ilipanda kutoka senti 12 hadi senti 18. Kwa mke wa fundi cherehani aliyelipwa kwa kila vazi aliloshona, mwenye watoto wanne au watano wa kulisha, senti sita hazikuwa mchezo. Tena hakuwa na pa kukimbilia. Jirani yake Mwairishi au Mwitaliano angeweza kuzunguka mtaani akitafuta bucha lenye nafuu kidogo; yeye, Myahudi mshika dini, nyama ya mabucha mengine kwake ilikuwa kibudu.

Mtu wa Mombasa au Unguja, aliyezoea kuuliza nani kachinja kabla hajaosha mikono, hahitaji maelezo marefu juu ya hilo. Ila sheria za kosher zina mambo yake, na kila jambo lina gharama. Mnyama awe na kwato zilizopasuka na awe anacheua. Achinjwe na mchinjaji aliyesomea, mcha Mungu, anayeitwa shohet, kwa kisu kisicho na pengo hata la kuhisiwa kwa ukucha. Mapafu yakaguliwe. Mshipa mkubwa wa paja utolewe, na kwa kuwa kazi hiyo ni ngumu na huchukua muda, robo za nyuma za ng'ombe, zenye minofu laini na bei nzuri, huko Marekani kwa kawaida huuzwa kwa wasio Wayahudi. Mla kosher hubaki na robo za mbele. Kisha nyama huloweshwa nusu saa, hukaa ndani ya chumvi saa nzima, na huoshwa hadi damu itoke.

Kuna na kanuni nyingine ambayo wachache nje ya biashara waliijua: nyama isiyoloweshwa wala kuoshwa ndani ya saa 72 baada ya kuchinjwa hupoteza uhalali wake kwa mapishi ya kawaida. Kanuni hiyo ndogo ndiyo iliyopanga biashara nzima. Mwishoni mwa karne ya 19 nyama ya Wamarekani wengi ilichinjwa Chicago na kusafirishwa kwa mabehewa yenye barafu. Kusafirisha minofu ni rahisi kuliko kusafirisha ng'ombe mzima na pembe zake. Wayahudi wa New York hawakuweza kunufaika na unafuu huo. Ng'ombe wao walipakiwa wakiwa hai, wakateremshwa New York na kuchinjwa humo humo, katika machinjio yaliyojipanga ukingoni mwa East River, mahali ambapo leo yamesimama makao makuu ya Umoja wa Mataifa. Nauli ya ng'ombe, ujira wa shohet, ukaguzi, chumvi na maji: vyote viliingia katika bei kabla muuza nyama hajanoa kisu.

Hiyo ndiyo sehemu ya tofauti ya bei inayoelezeka kwa sheria. Sehemu iliyobaki ilielezeka kwa mikono ya watu.

Mwaka 1902 mikono hiyo ilikuwa ya makampuni makubwa ya nyama, Armour, Swift na wenzao, ambayo magazeti yaliyaita kwa pamoja Beef Trust. Makampuni hayo yalishutumiwa kwa kukubaliana bei ya kununulia ng'ombe na bei ya kuuzia nyama, na siku zile zile za Mei serikali ya Rais Theodore Roosevelt iliyafungulia kesi. Mahakama ya Juu ilikuja kuipa serikali ushindi mwaka 1905. Wenye mabucha ya kosher, ambao wengi walikuwa maskini karibu sawa na wateja wao, ndio walioanza kugoma. Walifunga maduka kwa siku chache, wakazungumza na wauzaji wa jumla, wakafungua tena. Bei haikushuka.

Hapo ndipo wake wa mafundi cherehani walipoingia. Fanny Levy, mke wa mshonaji makoti asiyekuwa na kazi wakati huo, na Sarah Edelson, mwenye mkahawa mdogo, walipita nyumba kwa nyumba kuwaita wenzao. Asubuhi ya Mei 15 maelfu ya wanawake walimiminika mitaani. Walivunja vioo vya mabucha, wakaburuta mapande ya nyama nje, wakayamwagia mafuta ya taa na kuyachoma moto. Makadirio ya siku hiyo yalizungumzia watu 20,000. Polisi walitumia virungu, na waliokamatwa walikuwa kama 85, wengi wao wanawake. Gazeti la New York Times liliwaona kuwa watu wa hatari, likataka polisi wasiwaonee huruma. Magazeti ya Kiyidi ya mrengo wa kushoto yaliwashangilia.

Mwanahistoria Paula Hyman, aliyechunguza mgomo huo katika makala ya mwaka 1980, alikuta kwamba hawakuwa wasichana wa viwandani wenye damu moto. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 39, na wengi walikuwa na watoto zaidi ya wanne nyumbani. Hawa ndio walioshika pochi. Walijua bei ya shingo, ya mbavu na ya maini kama wanavyojua majina ya watoto wao, na walijua pia sheria. Imesimuliwa kwamba mwanamke mmoja alisimamishwa akiwa na nyama aliyonunua, akajitetea kwamba ni ya mumewe mgonjwa. Mama mmoja mzee aliyefunika nywele zake kwa wigi, kama wafanyavyo wacha Mungu, alimjibu kwamba mgonjwa anaruhusiwa kula hata nyama isiyo kosher. Kwa mgonjwa aliye hatarini kufa, hakuna rabi ambaye angempinga.

Jumamosi ya Mei 17 wakaenda hadi kwenye masinagogi. Kwa desturi ya zamani ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, aliyedhulumiwa anaweza kusimamisha usomaji wa Torati hadi jamii isikilize kilio chake. Wanawake, ambao mahali pao ni roshani ya juu, waliteremka, wakakatisha ibada na kuwataka wanaume waahidi kwamba nyama haitaingia nyumbani. Mgomo ukavuka mto hadi Brooklyn, ukapanda Harlem na Bronx, ukafika Newark na Boston. Wanawake wakaunda chama chao, Ladies' Anti-Beef Trust Association, na kuchangisha fedha za dhamana. Kisha, kama kawaida ya vyama, wakagombana juu ya uongozi, na wanaume wa vyama vya kusaidiana wakajitokeza na kamati yao yenye jina refu wakidai kuyaweka mambo sawa.

Kufikia Juni 5 bei ya jumla ilishushwa hadi senti 9, ili ile ya rejareja isimame kwenye senti 14. Bado ilikuwa senti mbili juu ya ile ya zamani, na baadaye ilianza tena kupanda. Lakini mbinu ilibaki mtaani: wakazi wale wale waligomea kodi za nyumba mwaka 1904 na tena 1907, na chakula kwa jumla mwaka 1917.

Malalamiko ya bei hayakuanza na Beef Trust. Miaka 14 kabla yake lawama zilimwangukia mtu mwema kabisa. Mwaka 1888 sinagogi kadhaa za Kiorthodoksi za New York ziliungana na kumleta kutoka Vilna mhubiri mashuhuri, Rabi Jacob Joseph, awe rabi mkuu wa jiji. Kazi ya kwanza aliyokabidhiwa ilikuwa kusafisha biashara ya nyama, kwa sababu jiji lilijaa wauzaji waliobandika neno kosher dirishani bila kumwogopa mtu. Akaanza na kuku. Kila kuku aliyechinjwa chini ya usimamizi wake alifungwa kipande kidogo cha risasi mguuni, na gharama ya kipande hicho, senti moja, iliwekwa juu ya bei.

Senti moja! Kelele zilizozuka zingemshangaza mgeni, lakini wahamiaji wale walikuwa na kumbukumbu. Katika Urusi ya wafalme walikotoka, nyama ya kosher ilitozwa kodi maalumu iliyoitwa korobka, iliyokusanywa na mawakala waliotajirika kwa jasho la maskini. Walipouona ushuru juu ya kuku, waliona korobka imevuka bahari. Wauza kuku nao walichochea moto, maana wengine walitumia kipande cha risasi kama kisingizio cha kuongeza zaidi ya senti ile. Mpango ulianguka. Wauza nyama wakajitafutia marabi wao, na jiji likawa na marabi wakuu zaidi ya mmoja. Inasimuliwa kwamba rabi mmoja aliyetoka Moscow, Hayim Vidrowitz, alitundika kibao kinachomtaja kuwa rabi mkuu wa Marekani. Alipoulizwa ni nani aliyempa cheo hicho, akajibu kwamba ni mchora vibao.

Rabi Jacob Joseph aliishia kulipwa mshahara na wauza nyama aliopaswa kuwasimamia, hadi nao walipoacha kulipa. Alipooza, akafa Julai 28, 1902, wiki chache tu baada ya mgomo wa nyama. Makumi ya maelfu waliomkataa alipokuwa hai walifuata jeneza lake, na msafara ulipopita mbele ya kiwanda cha mitambo ya uchapaji cha R. Hoe kwenye barabara ya Grand, wafanyakazi waliwamwagia waombolezaji maji na kuwarushia vyuma. Ghasia zikazuka, na polisi wakawapiga waombolezaji.

Usimamizi wa bei rahisi haukupatikana, basi udanganyifu ukashamiri. Jimbo la New York lilipitisha mwaka 1915 sheria ya kuwaadhibu wauzao nyama ya kawaida kwa jina la kosher. Mahakama ya Juu iliiunga mkono mwaka 1925. Mwaka huo huo idara ya masoko ya jiji ilikadiria kwamba kama asilimia 40 ya nyama iliyouzwa kwa jina la kosher haikuwa kosher. Maana yake ni kwamba maelfu ya familia zililipa bei ya juu kwa nyama ambayo ingeweza kununuliwa popote. Kati ya hasara zote za historia hii, hiyo naona ndiyo iliyouma zaidi, maana aliyedhulumiwa hakujua.

Kuku walikuwa na balaa lao. Kwa kuwa mla kosher alitaka kuku aliyechinjwa karibu na nyumbani, New York ilikuwa soko kubwa la kuku hai, waliofika kwa mabehewa kutoka majimbo ya mbali. Biashara ya namna hiyo, yenye mlango mmoja mwembamba, huwavutia wenye mabavu. Mfanyabiashara Barnet Baff, aliyeuza kwa bei ya chini kuliko wenzake, alipigwa risasi akafa sokoni Novemba 24, 1914. Washindani wake ndio waliolipia mauaji hayo. Hadi miaka ya 1930 bado magenge yalikuwa yakitoza ada juu ya malori, matundu na hata chakula cha kuku.

Ndugu wa ukoo wa Schechter, wachinjishaji na wauzaji wa jumla wa kuku wa kosher huko Brooklyn, waliingia katika vitabu vya sheria kwa njia nyingine. Wakati wa Mdororo Mkuu, serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliandika kanuni za kila sekta ili kuzuia bei na mishahara isiporomoke. Kanuni za kuku wa New York, za mwaka 1934, zilimkataza mnunuzi kuchagua kuku mmoja mmoja. Alitakiwa achukue tundu zima au nusu tundu, wazuri kwa wabaya. Kwa muuzaji wa kosher kanuni hiyo ilikuwa kichekesho, kwani kumkagua kuku na kumkataa mwenye dalili ya ugonjwa ndiyo dini yenyewe. Ndugu hao walishtakiwa, pamoja na mambo mengine, kwa kuuza kuku asiyefaa na kwa kuwaachia wateja wachague. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, mwanasheria alieleza jinsi mnunuzi anavyotia mkono ndani ya tundu na kutoa anayemwangukia, na majaji wakacheka. Mei 27, 1935 majaji wote tisa waliamua kwamba serikali ilikuwa imevuka mipaka ya madaraka yake, na nguzo kuu ya mpango wa kufufua uchumi ikaanguka kwa ajili ya kuku wa Brooklyn.

Wakati kuku na ng'ombe wakisumbua, kwenye rafu za makopo mambo yalikwenda kimya kimya upande mwingine. Mnamo 1923 kampuni ya Heinz ilikubali maharagwe yake yasiyo na nyama yasimamiwe na umoja wa sinagogi za Kiorthodoksi. Haikutaka neno kosher wala herufi za Kiebrania kwenye kopo, isije ikawafukuza wateja wengine. Ikabuniwa alama ndogo, herufi U ndani ya O. Anayeihitaji huiona; asiyeihitaji hupita. Mwaka 1935, huko Atlanta, Rabi Tobias Geffen alionyeshwa viambato vya siri vya Coca-Cola, akagundua kuwa gliserini yake ilitokana na mafuta ya ng'ombe. Kampuni ikabadilisha ikatumia ya mimea, na kwa ajili ya Pasaka ya Kiyahudi ikaandaa soda isiyo na kiambato kilichotokana na nafaka.

Hapa hesabu iligeuka. Rabi anayekagua kiwanda mara chache kwa mwaka huhalalisha mamilioni ya makopo kwa pigo moja, na gharama yake ikigawanywa haionekani. Mwaka 1975 gazeti la New York Times liliripoti kwamba kampuni ya General Foods ilikuwa ikitumia senti 0.0000065 kwa kila bidhaa. Ilhali kuku wa Rabi Jacob Joseph alibeba senti nzima mguuni. Hata hivyo, miongo iliyofuata uvumi wa chuki ulienezwa Marekani kwamba alama zile ni kodi ya siri ambayo Wayahudi huwatoza Wakristo wote. Uvumi huo haujawahi kuonyesha bei iliyopanda.

Maziwa yalifuata njia ya tatu. Sheria ya zamani inataka Myahudi awepo wakati wa kukamua, asije mtu akachanganya maziwa ya mnyama aliyekatazwa. Katika miaka ya 1950 Rabi Moshe Feinstein wa New York, aliyeheshimiwa kuliko wote wa zama zake kwa fatwa za sheria, aliamua kwamba ukaguzi wa serikali ya Marekani unatosha kuwa jicho hilo. Tangu hapo nyumba nyingi za Kiorthodoksi hununua maziwa ya duka lolote. Wanaoshika msimamo mkali zaidi hununua maziwa yaliyosimamiwa, na hulipa zaidi. Chupa mbili, ng'ombe wa aina moja, bei mbili, na tofauti ni uamuzi ambao mtu amechagua kuufuata au kutoufuata.

Nyama ndiyo iliyogoma kushuka. Kuku wa kawaida hutumbukizwa kwenye maji ya moto ili manyoya yalegee. Kuku wa kosher hawezi, kwani moto utaigandisha damu ndani kabla ya chumvi kuivuta. Ananyonyolewa kwa maji baridi, kwa shida, na mara nyingi hufika jikoni na vinyoya vichache vya kuondoa kwa vidole. Anachinjwa kwa mkono, mmoja mmoja. Kampuni ya Empire, iliyoanzishwa mwaka 1938, ilijitahidi kuifanya kazi hii kwa wingi wa kiwanda, na mwaka 1987 familia ya Rubashkin, wenye bucha Brooklyn, ilifungua machinjio makubwa ya Agriprocessors katika mji mdogo wa Postville, Iowa. Kwa kulowesha na kutia chumvi pale pale kiwandani, tatizo la saa 72 liliisha, na nyama ya kosher ikaanza kufika katika maduka makubwa ya miji ambayo haikuwa na hata shohet mmoja.

Mei 12, 2008 maofisa wa uhamiaji walivamia kiwanda hicho na kukamata wafanyakazi 389, wengi kutoka Guatemala. Kabla mwaka haujaisha kampuni ilikuwa imefilisika, nyama ya kosher ikaadimika na bei zikapanda katika sehemu nyingi za nchi. Ikabainika kwamba sehemu ya unafuu wa miaka ile ililipwa na mikono ya wahamiaji wasio na pa kulalamikia.

Mwaka huo huo, Brooklyn, lilifunguliwa duka kubwa la kosher la Pomegranate, lenye mapambo na samaki wa kuvuta moshi wa kila namna, kwa wateja ambao mabibi zao huenda walichoma nyama barabarani mwaka 1902.

Pasaka, bei hupinduka kabisa. Matza, mkate usiotiwa chachu, huuzwa kwa bei mbili zisizofanana hata kidogo. Iliyotengenezwa kwa mkono, kwa ngano iliyolindwa tangu kuvunwa na unga uliokandwa na kuokwa kabla dakika 18 hazijapita, hugharimu dola 20 na zaidi kwa ratili. Ya mashine ni ya bei ndogo, ijapokuwa nayo ina doa lake: mwaka 1991 kampuni ya Manischewitz, iliyoanza kuoka Cincinnati mwaka 1888, ilitozwa faini ya dola milioni moja bila kupinga mashtaka kwamba ilikula njama ya kupanga bei za matza katika miaka ya 1980. Siku hizi maduka makubwa ya kawaida ya New York na New Jersey huuza pakiti za ratili tano kwa hasara, au humpa bure mteja aliyefikisha kiasi fulani cha manunuzi, yakijua kwamba anayekuja kwa matza ataondoka pia na mayai, viazi, samaki na sabuni. Duka dogo la kosher la mtaani, lisilo na sabuni za kutosha kufidia hasara, huiuza matza ile ile kwa bei kamili.